Mfariji wa Mbwa

Tak. Tak. Tak. Bawa la feni lililopasuka lilikuwa likigonga wavu wake gizani, kama lilivyogonga tangu siku Ikay alipoiangusha kwa mpira. Katika nyumba ile ya chumba na sebule hakuna aliyelisikia tena, walishalizoea kama mtu anavyozoea mapigo ya moyo wake. Kisha umeme ukakatika. Tak... tak... la mwisho likachelewa, likaja, likanyamaza.

Nerissa akafumbua macho. Alingoja kusikia kile ambacho siku zote kilikaa chini ya mlio wa feni, mkoromo mwembamba wa mama yake, Perla, uliokuwa ukifoka kidogo mwishoni kama birika linaloanza kuchemka. Akasikia jogoo wa jirani. Akasikia pumzi ya Ikay, binti yake wa miaka sita, yenye filimbi ya pumu ndani yake. Ya mama yake hakuisikia.

"Mama," aliita, kwa sauti ya chini ya kumwamsha mtu asiyependa kuamshwa.

Akanyoosha mkono, akagusa mguu. Mguu ule uliokuwa umevimba msimu wote wa mvua, aliokuwa akiukanda kwa mafuta ya nazi kila jioni, ulikuwa umepoa. Haukuwa baridi. Ulikuwa umepoa tu, kama chai iliyosahauliwa mezani. Nerissa alikaa pale gizani ameushika, kisha akaanza kuukanda. Aliukanda kutoka kisigino hadi kifundo, akarudia, akarudia tena, maana aliona kwamba mara atakapoacha kuukanda ndipo itakuwa kweli.

Kulipopambazuka, Mama Mkubwa Consing alikuwa ameshavuka barabara. Huyu alikuwa dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mpanda mpunga, aliyekwisha kuzika wazazi, mume na watoto wawili; mambo ya msiba aliyajua kama wengine wanavyojua mapishi. Alilia kwanza, kilio kilichoamsha mtaa mzima. Kisha akafuta uso kwa upindo wa gauni, akaanza kutoa amri. Fagio lisiguswe mpaka maiti itoke, lisije likafagia na roho nyingine. Mtu asichane nywele mbele ya jeneza. Chozi lisidondoke juu ya kioo cha jeneza. Mgeni akiondoka, mwenye msiba asimsindikize hata mlangoni.

"Na mtu akikupa pole, Inday, usiseme asante," alimwambia Nerissa, akimwita kama alivyomwita tangu utotoni. "Itikia kwa kichwa, basi. Asante ya msibani ni kushukuru kifo. Ukishukuru kwa hiki, unaletewa kingine."

"Najua, Mama Mkubwa."

"Unajua, ila hiyo shule yako ya jioni imekufundisha kusema asante hata kwa mlango. Mimi nilimshukuru padri kwenye matanga ya mume wangu. Mwaka haukwisha..."

Hakumaliza, na hakuna aliyemwomba amalize. Makaburi mawili madogo yaliyo kando ya lile la mumewe mtaa wote uliyafahamu. Chini ya meza, Ikay alikuwa amekaa vidole viwili mdomoni, akisikiliza kila neno.

*

Jeneza jeupe lilipoletwa lilikaa sebuleni, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Na hapakuwa na pengine pa Nerissa kufanyia kazi pia, kwa kuwa mtandao ulifika dirisha moja tu, lile la sebuleni. Basi meza yake ikasogezwa hadi miguuni pa mama yake. Umeme uliporudi saa tatu, aliandika kwa mwajiri wake kwamba amechelewa kwa sababu ya umeme. Haukuwa uongo. Haukuwa ukweli pia.

Mwajiri aliitwa Gillian, mwanamke wa Australia mwenye duka la mtandaoni la chakula cha mbwa na paka. Watu walilipia, na mfuko uliwafikia kila mwezi mlangoni. Nerissa alikuwa msaidizi wake wa mbali, katika wiki ya tatu na ya mwisho ya majaribio. Akifuzu, angepata kazi ya kudumu na mshahara ambao, kwa hesabu waliyoipiga mara nyingi kwenye simu, ungetosha Ruel asirudie mkataba. Ruel, mumewe, alikuwa mchomeleaji vyuma huko Katari. Miaka yake miwili ilikuwa inaisha mwezi ule, na kabla ya mwezi kwisha alitakiwa ama atie saini miaka miwili mingine ama apande ndege arudi. Ikay alimjua baba yake kama uso wa kwenye simu unaoganda katikati ya maneno. Alikwisha kumchorea kitanda cha kulalia atakaporudi.

Ndiyo maana Nerissa hakusema kuhusu mama yake. Mwalimu wao wa jioni, Glenda, aliyewafundisha kazi hizi kwenye ukumbi wa mtaa, aliwahi kuwaonya darasa zima: "Wiki ya majaribio, bibi zenu wasife. Wateja wa ng'ambo wamechoka na bibi wa Kifilipino. Wanasema bibi mmoja anakufa mara nne." Darasa lilicheka mpaka viti vikalia. Nerissa naye alicheka.

Glenda huyohuyo ndiye aliyewasumbua wachague fani. Alisema anayejua kupika, kufua na kulea watamwita yaya na kumlipa uyaya. Anayejua jambo moja kwa undani watamwita mtaalamu. "Mshika mbili moja humponyoka," aliwaambia, "na ninyi wenzangu mmeshika kumi." Mmoja akachagua hesabu, mwingine matangazo ya nyumba za kuuza, mwingine picha za bidhaa. Nerissa alibaki na karatasi tupu. Yeye alikuwa mtu wa kupewa yaliyobaki, na alipoanza kwa Gillian, alipewa yaliyobaki: barua za watu wanaositisha mzigo.

Ya kwanza ilikuwa ya mstari mmoja. *Msilete tena. Rusty amekufa.* Jibu la duka lilikuwa tayari limeandikwa, ni kulituma tu: ombi lako limepokelewa. Nerissa alilitazama jibu lile, akashindwa kulituma. Alimsomea mama yake, aliyekuwa kitandani akichambua mboga mapajani.

"Huyo bwana ana mfuko wa chakula uliobaki nusu," alisema Perla bila kuinua macho. "Hajui aufanyeje. Mimi ndara za baba yako zilikaa mlangoni miezi saba. Watu wakaniambia tupa, tupa. Nilizitupa siku mkono ulipokubali. Mwandikie hivyo."

Akamwandikia hivyo. *Mfuko uliobaki usiutupe leo. Utautupa siku mkono wako utakapokubali.* Yule bwana alirudisha ukurasa mzima. Baada ya hapo Gillian aliagiza barua zote za namna ile ziende kwa Nerissa, na Glenda akapiga makofi darasani: hiyo ndiyo fani yako, mama, moyo wako ndiyo bidhaa yako. Nerissa akajaza ile karatasi. Mtaani, habari zilipofika, wakampa jina la Mfariji wa Mbwa. Perla alilicheka jina lile mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo kila asubuhi akawa anauliza, kama mtu anayeulizia hali ya majirani, "Haya, leo kafa nani?"

*

Chini ya turubai mbele ya nyumba, karata za mkesha zilizoanza jana yake zilikuwa hazijafungwa. Kila mshindi alitupa sehemu yake kwenye kopo la maziwa kwa ajili ya wafiwa, na mke wa Doming fundi baiskeli alizunguka na kahawa na biskuti, akihesabu kwa jicho nani amechukua mara mbili. Mama Mkubwa Consing alinung'unika kwamba watu wa siku hizi wanakuja kumla marehemu. Lakini kopo lilipokuwa zito, yeye ndiye aliyekwenda kulimwaga.

"Nerissa!" Doming aliita kupitia dirishani, karata zimefunikwa kifuani. "Hivi huko Australia mbwa akifa, nao wanakesha na karata?"

"Wanakesha na mikono mitupu, Kaka Doming."

"Maskini. Sasa nani anamlipia jeneza?"

Wakacheka, kicheko kizuri cha msibani kisicho na kosa. Ila mwanamke mmoja aliyekuwa akikunja leso kando, mtu wa ukoo wa mbali aliyetoka mjini, hakucheka. Alisema kwa sauti ya kuwafaa watu watatu, ikawafikia wote: mama mtu yuko ndani ya sanduku, na binti kageuka mgongo anamlilia paka wa Kizungu.

Nerissa alilisikia. Masikio yalimwaka moto. Hakugeuka, kwa sababu kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na barua, na ilikuwa kweli ya paka. Mwandishi alikuwa mama mtu mzima anayeishi peke yake. Aliandika kwamba paka wake wa miaka kumi na minane amekufa alfajiri, kitandani, miguuni pake. *Nilidhani amelala. Nilimwita kwa jina. Bado najiuliza ilikuwaje mimi nikalala.*

Tangu Jumanne, Nerissa hakuwa amelia. Palikuwa na kibali cha kuzika, na watu wa jeneza waliotaka malipo ya kwanza kabla ya kushusha, na mchele, na sukari, na vikombe vya kuazima. Palikuwa na kioo ambacho chozi halikutakiwa kukidondokea. Sasa akaweka vidole kwenye herufi, akangoja sauti kutoka kitandani imwambie cha kuandika. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani ili wageni wapate pa kukaa.

Akaandika mwenyewe. *Na mimi ningemwita. Mtu humwita ampendaye hata akijua. Usijilaumu kwa kulala. Nadhani alikungoja ulale, kwa sababu maisha yake yote hakupenda kukuamsha.*

Aliituma. Kisha akainuka upesi, akaenda jikoni mbali na jeneza, akalia uso umezama kwenye gunia la mchele lililokwisha nusu.

*

Asubuhi iliyofuata Gillian aliandika. Yule mama wa paka alikuwa amempelekea jibu la Nerissa, naye Gillian alitaka waonane uso kwa uso kwenye kompyuta Ijumaa, kuna jambo zuri la kuzungumza.

Nerissa alimwambia Mama Mkubwa, na yule mzee akamtazama kichwa.

"Nywele zako kama kiota cha kuku."

"Basi nichane, Mama Mkubwa. Nitatoka nje."

"Nje ya nyumba ya msiba bado ni msibani. Lowesha mikono, pangusa. Mzungu hatakuchungulia utosi."

Akalowesha mikono, akapangusa. Akavaa blauzi yake nyeusi ya darasani. Nyuma yake aliweka ile picha ya bandia ya kompyuta ambayo Glenda aliwafundisha kuweka: rafu ya vitabu, chungu cha maua, ukuta msafi wa nyumba ya watu wengine. Jeneza, taa zake mbili ndefu, shada na picha ya Perla akiwa na miaka arobaini, vyote vikatoweka nyuma ya vitabu. Nerissa aligeuka kuhakikisha kwamba bado vipo. Wacheza karata waliombwa wanong'one. Ikay aliambiwa akae na Mama Mkubwa nyuma ya pazia.

Gillian alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na kikombe kisichotoka mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema alisoma ile barua ya paka jikoni kwake, na akalazimika kukaa chini. Alisema ana wasaidizi wa kila kazi, wa hesabu, wa mizigo, wa matangazo, lakini hajawahi kupata mtu wa kazi hii. "Watu wanaweza kufundishwa upole wa maneno," alisema. "Wewe una joto la kweli. Jumatatu nitakutumia mkataba."

Nerissa alisema, "Ndiyo, Madam, asante sana, Madam," kwa sababu hiyo ilikuwa asante ya kazi. Moyo wake ulikuwa umeshafika uwanja wa ndege. Alimwona Ruel akitoka na sanduku lake lililofungwa kamba, Ikay akijificha nyuma ya sketi kwa haya.

Ndipo Ikay akakohoa. Moshi wa mishumaa ulikuwa umemkaa kifuani tangu asubuhi, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa palepale mezani, karibu na kompyuta. Aliinua pazia, akaja akikohoa, akapanda mapajani kwa mama yake kama alivyozoea, na goti lake likaisukuma kompyuta pembeni. Rafu ya vitabu ikatetemeka, ikapasuka vipande, haikujua tena kipi ni mtu na kipi ni ukuta. Kupitia katikati ya vitabu likatokea jeneza jeupe, taa mbili, utepe wenye jina.

Gillian akaweka kikombe chini.

"Nerissa. Nyuma yako ni nini?"

Palikuwa na njia ya kusema ni kitu kingine, lakini hakuiona. "Ni mama yangu, Madam."

"Lini?"

"Jumanne."

"Jumanne." Gillian alivua miwani ambayo hakuwa ameivaa, mkono ukagusa uso mtupu. "Na umekuwa ukifanya kazi. Ile barua ya paka..." Macho yake yalijaa. "Oh, pole. Pole sana, mpenzi. Acha kila kitu. Chukua siku zote unazohitaji, nitakulipa siku zote hizo. Na nitatuma maua, niambie tu niyatume wapi. Pole, Nerissa. Pole kwa kweli."

Ilikuwa zawadi juu ya zawadi, na kila moja ilidai neno moja tu. Nerissa alilihisi likipanda kooni lenyewe, neno alilolisema mara mia kwa siku, kwa wateja, kwa Glenda, hata kwa mashine. Mapajani kwake kifua cha Ikay kilikuwa kikipanda na kushuka na ile filimbi yake. Kwenye pazia, Mama Mkubwa Consing alikuwa amesimama. Kiingereza hakukijua, lakini pole ya mtu anayelia haihitaji Kiingereza. Alikuwa akitikisa kichwa polepole, macho yake yako kwa mtoto.

Nerissa hakujua kama aliamini. Darasani, mchana, kwenye mwanga mweupe wa ukumbi, angesema ni mambo ya wazee. Lakini pale, mama yake akiwa hatua moja nyuma na mwanawe akitafuta pumzi mapajani, angejaribu nani? Kuna mizaha mtu haifanyi na kifua cha mtoto.

Akaitikia kwa kichwa. Kwenye kioo kidogo namna ile, kichwa chake hakikuonekana kikisogea.

Gillian alingoja. "Umenisikia?"

"Ndiyo, Madam."

"Nimesema nitatuma maua."

"Ndiyo, Madam."

Alitaka kueleza. Alianza kweli, akasema, "Kwetu, Madam, kwenye msiba..." na hapo akayaona maneno yaliyofuata jinsi yatakavyosikika jikoni mle kwenye kikombe kizuri: kwamba msaidizi wake aliyesoma, mwenye cheti, anaogopa kusema asante asije akamuua mwanawe. Aibu ikamziba mdomo. Alikuwa na haya kuivunja desturi, na alikuwa na haya kuitaja. Akabaki kumtazama tu Gillian, macho makavu, uso umekaza ili usifanye lolote.

Kule upande wa pili, kitu kilififia. Uso wa Gillian ulifungwa taratibu, kama duka linalofungwa mteja akiwa bado ameshika bidhaa.

"Sawa," alisema mwishowe. "Nitakuandikia."

Kioo kikawa cheusi. Nerissa alimpa Ikay dawa, akamshikia, akamhesabia avute na aachie. Kifua kilipotulia ndipo alipozungumza.

"Nimemkosea, Mama Mkubwa."

"Umemkosea mgeni," alisema Consing. Alikuja akaweka kiganja chake kigumu kwenye kifua cha mtoto, akakiacha pale. "Hukumkosea huyu."

*

Maua yalifika Jumamosi, kutoka duka kubwa la mjini, shada kubwa kuliko yote yaliyokuwa pale. Watu wa karata walisimama kulitazama. Doming alisema bila mzaha kwamba hata mkuu wa mtaa hakuletewa la namna hii. Nerissa alilipokea, akamwitikia mleta maua kwa kichwa, na hakumsindikiza. Aliliweka karibu na kichwa cha mama yake. Hakuna aliyemwita Mfariji wa Mbwa siku hiyo.

Jumapili, kabla ya jeneza kutolewa, wanaume wawili walimbeba Ikay na kumpitisha juu yake, kutoka mkono huu kwenda mkono ule, ili bibi yake asimrudie kumtembelea kwa kumpenda mno. Ikay alikaza miguu hewani. Hakulia. Alimtazama bibi yake kupitia kioo wakati akipita, kama abiria anavyotazama mtu aliyebaki kituoni.

Walimzika kando ya zile ndara, maana Perla hakuwa amezitupa mbali. Alizifukia kaburini kwa mumewe, na sasa ardhi ilipochimbwa, soli moja ya mpira ikaonekana kwenye udongo. Nerissa akaiokota, akaifuta kwa kidole, akairudisha. Hawakurudi moja kwa moja nyumbani. Walipitia kwa muuza mikate kwanza, wakanunua mikate midogo ya moto na kuila wamesimama barabarani, kifo kipotee njia kisiwafuate.

Nyumbani, Mama Mkubwa Consing alichukua fagio. Siku zote zile matone ya mishumaa, makombo ya biskuti na vumbi la viatu vya watu vilikuwa vimengoja. Alianza chumbani, akaja sebuleni, shaa, shaa, pale palipokuwa na jeneza. Kitanda kilirudishwa mahali pake. Umeme ulikuwapo, na feni iligonga.

Nerissa alifungua kompyuta. Barua ilikuwapo tangu jana. Gillian alikuwa ameiandika kwa uangalifu, ilionekana jinsi alivyochagua kila neno. Alisema anatumaini maua yalifika. Alisema barua za Nerissa zilikuwa nzuri kuliko zozote alizowahi kusoma kwenye kazi ile, na kwa sababu hiyo alifikiri sana. *Lakini siku ile nilikutazama usoni nikamtafuta mtu aliyeziandika, na sikumwona. Ulinificha mama yako. Nilipokupa pole, ulinitazama tu. Huenda ni mimi ambaye sielewi. Ila kazi hii ni ya joto la moyo, na sasa sijui tena yale maneno yalikuwa yakitoka wapi.* Kazi alikuwa amempa mwingine. Malipo ya majaribio yote alikuwa amekwisha kuyatuma, na siku za msiba juu yake. Alimtakia heri.

Nerissa aliisoma mara moja tu. Yalikuwa yakitoka wapi. Alitazama kitanda, shuka safi, mto mmoja usio na shimo la kichwa.

Ruel alipopiga, uso wake uliganda mara mbili kabla ya kutulia. Aliuliza mazishi yalikwendaje, nani alibeba, kama mvua ilinyesha. Lile jingine hakuliuliza, alingoja. Nerissa akamwambia. Nyuma ya Ruel watu wa bwenini walisikika wakigombea jiko.

"Basi nitasaini kesho," alisema. "Miaka miwili ni nini? Itapita."

"Itapita."

"Umwambie Ikay kitanda amechora kizuri. Akirefushe kidogo, kisije kikawa kifupi."

Simu ilipokatika, Ikay alikuwa amesimama kando ya kiti, mkate nusu mkononi, unga mdomoni. Aliuliza barua ni ya nani. Nerissa akamwambia ni ya yule mama aliyeleta maua mengi.

"Anasema nini?"

"Anasema kwaheri."

Ikay alitafuna, akafikiri. Shaa, shaa, Mama Mkubwa Consing alikuwa amefika mlangoni, na kwa mkupuo mmoja akalitoa lile vumbi lote nje, kwenye jua. Nerissa aliweka mkono juu ya kompyuta ili aifunge. Chini ya barua ya Gillian, mahali pa kujibia palikuwa peupe, na kile kijistari kilikuwa kikiwaka na kuzima, kikiwaka na kuzima.

"Bibi ameshazikwa, Mama, sasa unaruhusiwa kusema asante."